Asiyekuwepo na Lake Halipo: Baraza, Tuzo na Mitambo katika Historia ya Kiswahili

Watu wa pwani wana methali isemayo kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Maneno ni machache, lakini yamebeba historia ndefu. Yatufundisha kuwa mambo ya watu huamuliwa na wale waliofika, na kwamba aliyebaki nje ya mlango, hata akiwa na hekima kuliko wote, hulikuta shauri limekwisha kukatwa. Mimi naamini kuwa historia ya lugha yetu katika miaka mia hii haielezwi vema kwa kutaja vitabu na watunzi peke yao. Yafaa ielezwe pia kwa kutaja mikutano iliyoitishwa na mashindano yaliyotangazwa. Maana katika mikutano lugha ilipewa sura, na katika mashindano ilipewa sauti. Leo, mitambo inapoanza kusoma, kuandika na kusema, mikutano mingine inaitishwa na tuzo nyingine zinatangazwa. Anayetaka kujua litakalotupata na aangalie lililokwisha kutupata.

Baraza na mashindano si vitu tulivyoletewa na wageni. Neno moja hilihili la baraza hutaja kikalio cha mawe na chokaa mbele ya nyumba, hutaja watu wanaoketi juu yake, na hutaja shauri wanalolikata. Katika miji ya Lamu na Mombasa washairi walishindana kwa mafumbo katika ngoma ya gungu. Mmoja alifunga fumbo na mwingine akatakiwa kulifungua mbele ya watu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alijulikana kwa tungo za majibizano, na mji mzima ulikuwa mwamuzi wake. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, desturi hiyo ilihamia katika kurasa zake: mtu wa bara aliuliza kwa shairi, na mtu wa pwani akamjibu kwa shairi, ingawa hawakupata kuonana uso kwa uso. Basi wenyeji walikuwa na baraza yao na kipimo chao cha ushindi. Jambo jipya lililokuja na utawala wa kigeni halikuwa mkutano, bali ni nani aliyeuita mkutano, na kwa sababu gani.

Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu mjini Dar es Salaam, na mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa lilikuwa haja ya kuwa na Kiswahili cha namna moja kwa shule na vitabu. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano mwingine Mombasa, na Profesa Carl Meinhof, mtaalamu wa Kijerumani wa lugha za Kibantu, alihudhuria. Hapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya mji uleule uliokuwa na mkutano, kikaachwa. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia, kutengeneza kamusi, na kuvipima vitabu vya shule. Kitabu kilichokubaliwa kilitiwa idhini yake, na kilichokataliwa hakikuwa na njia rahisi ya kuwafikia watoto.

Hapana budi tuwe waadilifu katika kuipima kazi hii. Pasipo tahajia moja, mtoto wa Tabora asingalisoma kitabu kimoja na mtoto wa Kisumu. Mchapaji asingaliweza kupiga chapa nakala nyingi kwa bei ndogo, wala mwandishi asingalipata wasomaji wa nchi nne. Lakini kila faida ina gharama yake. Kwa Kimvita, paa la nyumba na paa wa porini si neno moja, kwani hutofautishwa kwa pumzi inayotoka pamoja na herufi ya kwanza. Tena kuna t ya meno na t ya ufizi. Tofauti hizi hazikupata alama katika tahajia sanifu. Herufi za Kiarabu, ambazo kwa karne kadhaa zilikuwa zimehifadhi tenzi na barua za wenyeji, zilibaki nje ya shule. Na katika miaka ya mwanzo ya Halmashauri wajumbe wake walikuwa Wazungu. Wenye lugha waliingia baadaye. Watu wa Mombasa walinung'unika, na manung'uniko yao hayajesha hata leo. Kiini cha manung'uniko si kwamba Kiunguja kilikuwa kibaya. Kiini chake ni kwamba shauri la lugha yao lilikatwa mjini kwao, nao hawakuulizwa.

Mashindano yalifanya kazi ya namna nyingine. Mkutano hukata shauri kwa niaba ya watu, bali shindano hulifungua lango na kungoja nani ataingia. Halmashauri ya Lugha iliendesha mashindano ya insha kwa Waafrika wa Mashariki, na baada ya Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki kuundwa mwaka 1948, wito wa kuandika ulienea zaidi. Mfano bora ni shindano la hadithi la mwaka 1957 na 1958. Mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mwenyeji wa Makunduchi, Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918, na ambaye kabla ya kuwa mhariri wa magazeti alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipigwa chapa mwaka 1960, na ndani yake wasomaji wakakutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na akili iliyotulia, ambaye alizaa vitabu vingine baada ya hicho. Tuizingatie njia aliyopita mtu huyu. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, wala hakualikwa na mkubwa yeyote. Wito ulikuwa wazi; ulitolewa kwa lugha aliyoijua; waamuzi walikuwa na ujuzi wa lugha hiyo; na baada ya ushindi kitabu kilichapishwa kweli, watu wakakisoma. Mambo manne haya yakikutana, shindano huwa mlango wa haki. Likikosekana moja, huwa tamasha tu.

Mwezi wa Juni mwaka 1962, katika Chuo cha Makerere mjini Kampala, ulifanyika mkutano wa waandishi wa Afrika ambao sifa zake zingali zinatajwa. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka kutoka Nigeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika ya Kusini, na Langston Hughes kutoka Marekani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi, alikuwapo pia. Lakini mkutano ule uliitwa mkutano wa waandishi wa Kiafrika waandikao kwa Kiingereza, na jina hilo ndilo lililokuwa bawabu. Mwanafunzi mwenye hadithi chache alipita. Shaaban Robert, mwenye vitabu vya mashairi, insha na riwaya kwa Kiswahili, hakuwa na sifa ya kupita, ingawa mkutano ulifanyika katika Afrika ya Mashariki. Na mwezi uleule wa Juni Shaaban Robert alifariki. Ngũgĩ mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili ya Mwafrika, aliurejea mkutano huo na kulitaja jambo hili kuwa ni dosari yake kubwa. Mtu asidhani kuwa walioitisha mkutano walimchukia Shaaban. Yamkini hawakumfikiria kabisa. Na kutofikiriwa hufunga mlango kwa nguvu kuliko chuki, maana mwenye chuki waweza kubishana naye, lakini asiyekufikiria hana la kukujibu.

Dosari ya namna hii hurekebishwa kwa kuita baraza nyingine. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, na mmoja wa waanzilishi wake ni Mũkoma wa Ngũgĩ, mwana wa yule mwanafunzi wa Makerere. Jumla ya zawadi ilikuwa dola 15,000 za Marekani, na miswada ya Kiswahili ilikubaliwa kwa ajili ya lugha yake yenyewe, si kwa tafsiri yake. Mtu angeweza kusema ni fedha tu. Methali humjibu kuwa mcheza kwao hutunzwa; na mchezaji asiyetunzwa kwao huenda kucheza kwa wengine.

Hadi hapa nimesema juu ya kalamu. Sasa niseme juu ya mitambo, kwa sababu wenye elimu ya mitambo nao wana historia yao ya mabaraza, na historia hiyo inatuhusu. Baada ya Hiroshima na Nagasaki, baadhi ya wanasayansi waliona kwamba elimu isiyo na dhamiri ni hatari kwa mwenye nayo na kwa jirani yake. Mwaka 1955 Bertrand Russell na Albert Einstein walitoa tamko juu ya silaha za nyuklia, na mwezi wa Julai 1957 wataalamu 22 walikusanyika katika kijiji cha Pugwash nchini Kanada kulizungumza shauri hilo. Mikutano iliyozaliwa hapo iliendelea miaka mingi, na mwaka 1995, pamoja na Joseph Rotblat, mmoja wa viongozi wake, ilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwezi wa Februari 1975, huko Asilomar katika jimbo la California, wanabiolojia walikutana kujiwekea mipaka juu ya kuunganisha chembe za urithi za viumbe mbalimbali. Hawa ndio waliotangulia kuonyesha kuwa mwenye kuvumbua anaweza kukaa na kujiuliza kama avumbuacho kinafaa. Lakini waliohudhuria walikuwa wachache na walitoka nchi chache, ilhali matokeo ya maamuzi yao yalikuwa ya dunia nzima.

Katika wakati wetu shauri kubwa ni la akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Na huko kutopatana kwa majina ni dalili kuwa hata sisi wenyewe hatujakaa barazani vya kutosha. Mwezi wa Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO, 193 kwa idadi, zilipitisha pendekezo la maadili ya akili unde. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mitambo hii hujifunza kwa kusoma maandishi mengi na kusikiliza sauti nyingi. Lugha yenye maandishi machache katika intaneti huifunza vibaya, na mtambo uliofunzwa vibaya humtafsiria mgonjwa vibaya, humsahihishia mwanafunzi vibaya, na hudhani usemi wa Lamu au wa Lubumbashi kuwa ni makosa. Kwa hiyo teknolojia yenye uwajibikaji haiishii katika kuzuia madhara makubwa yanayotisha. Huanza na swali dogo: mtambo huu umemsikiliza nani? Swali hili lina ukoo na lile la mwaka 1928.

Na mlango wa baraza hii mpya ulikuwaje? Mwaka 2018 mkutano mkubwa wa wataalamu wa mitambo inayojifunza, uitwao NeurIPS, ulifanyika Montreal. Watafiti wengi wa Kiafrika waliokuwa na mwaliko na makala zilizokubaliwa walinyimwa viza. Bawabu wa Makerere alikuwa lugha. Bawabu wa Montreal alikuwa karatasi ya kuingilia nchi. Tena mwezi wa Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi walivyosoma maandishi machafu na ya kutisha ili mtambo mashuhuri wa mazungumzo ufundishwe kuyakataa, kwa ujira uliokuwa chini ya dola 2 kwa saa. Watu wetu, basi, walikuwapo katika kazi, lakini walikuwapo jikoni. Waliopika hawakuulizwa juu ya karamu, wala hawakuitwa kuketi.

Hata hivyo, si hadithi ya huzuni peke yake. Kutokana na tatizo la viza, mkutano mwingine wa elimu hiyo, ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020. Maradhi ya korona yaliuzuia, nao ukafanyika kwa njia ya intaneti. Lakini mwezi wa Mei 2023 ulifanyika Kigali, na wataalamu wa dunia ndio waliopanda ndege kutufuata. Kabla ya hapo vijana wa Kiafrika walikuwa wamekwisha kujijengea baraza yao. Mwaka 2017, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg, ulifanyika kwa mara ya kwanza mkutano wa Deep Learning Indaba. Na indaba kwa Kizulu ni shauri, na pia ni baraza la kulizungumza. Mwaka 2019 ulifika Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2025 ukafanyika Kigali. Mkutano huo una tuzo zake: moja, ya tasnifu za uzamivu, ina jina la Thamsanqa Kambule, mwalimu wa hisabati wa Afrika ya Kusini, nyingine, ya kazi zenye manufaa kwa jamii, ina jina la Wangari Maathai. Kumpa kijana tuzo yenye jina la mwalimu wa shule na jina la mpanda miti ni kumwambia, bila hotuba, elimu yake ni ya nani.

Mwaka 2019 lilizaliwa kundi la Masakhane, maana yake tujenge pamoja, ambalo watafiti wake, pamoja na wasemaji wa kawaida wa lugha za Kiafrika, hushughulikia tafsiri ya mashine. Jukwaa la Zindi, lililoanzishwa mwaka 2018 huko Cape Town, limeweka mashindano yaliyo wazi kwa mtu yeyote mwenye kompyuta, na moja lilikuwa la kuufundisha mtambo kupanga habari za Kiswahili katika mafungu yake. Mradi wa Common Voice umewaalika wasemaji watoe sauti zao kwa hiari, na hazina hiyo imewekwa wazi ili yeyote aitumie. Na hapa petu pana mizizi ya zamani zaidi: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice, wakati ambapo wengi walidhani kompyuta haiwezi kusema Kiswahili.

Nawatakia wanafunzi wetu waingie katika nafasi hizi, lakini nawatakia waingie macho wazi. Pamoja na mikutano ya kweli imezuka mikutano ya uongo. Barua ya sifa humfikia kijana, humwita msomi mashuhuri, humtaka ada ya dola mamia, na humwahidi kuchapisha makala yake bila mtu kuisoma. Fedha ya ada imekopwa na mzazi. Cheti kinachopatikana hakina thamani hata ya karatasi yake. Yapo pia mashindano ya kweli ambayo masharti yake humwachia mtangazaji haki yote ya kazi, ashinde mtu au ashindwe. Kwa hiyo kabla ya kutuma kazi yake, kijana na aulize maswali manne, ambayo shindano la mwaka 1957 lilijibu vema: Je, wito u wazi kwa kila mwenye uwezo, au fedha ndiyo sifa? Je, lugha yangu yakubaliwa, au nitakatwa ulimi mlangoni? Je, waamuzi wanatajwa, nao wanalijua jambo wanalolihukumu? Na baada ya kushinda au kushindwa, kazi yangu itakuwa ya nani, na itawafikia akina nani?

Liko jambo jingine ambalo waalimu wa lugha hatuna haki ya kuwaachia wahandisi. Kiswahili kimepata heshima kubwa ya viti: mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani, na mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi. Mwezi wa Julai 2024 Umoja huohuo ukaidhinisha mkakati wa bara zima juu ya akili unde. Lakini kupewa kiti si kusema. Ikiwa makala za mikutano yetu wenyewe juu ya elimu ya mitambo huandikwa kwa Kiingereza hata pale ambapo kila aliyeketi anajua Kiswahili, tutamlaumu nani mitambo ikijifunza kuwa Kiswahili ni lugha ya salamu na nyimbo tu? Lugha haifukuzwi katika elimu na wageni peke yao. Hufukuzwa pia na wenyewe waionao kuwa ni nguo ya nyumbani, isiyofaa kuvaliwa mbele ya watu.

Basi kazi yetu haizidi uwezo wetu. Idara zetu na ziitishe mikutano ambamo mwalimu wa fasihi na mjuzi wa kompyuta huketi jamvi moja, na makala za Kiswahili zikasomwa na kuchapishwa. Shule zetu na ziweke mashindano madogo ya insha juu ya mitambo na maadili, zawadi yake ikiwa kitabu, kama fedha haipo. Kamati za tuzo na ziwatafute waamuzi wa Kimvita, wa Kiunguja, wa Kingwana cha Kongo na wa bara, ili lisirudiwe lile la 1928. Mkutano wa Mombasa ulitupa tahajia tunayoiandika hata sasa, na waliokosekana hawakupata kuibadili tena. Maamuzi yanayofanywa leo juu ya mitambo nayo yatadumu. Wajukuu wetu watasoma, watauliza na kujibiwa kwa sauti ambayo baraza za siku hizi zinaichagua. Wakituuliza tulikuwa wapi, iwe heri kwetu kujibu kuwa tulikuwapo, na kwamba tulisema.